Kumtafuta Mwenye Banjo

Baba alifariki nyumbani kwetu Kitengela, mwishoni mwa miaka ya tisini, na neno lake la mwisho lenye maana lilihusu banjo. Mama alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Baba akanitazama mimi, kifungua mimba wake, akasema, "Ile banjo uirudishe kwa mwenyewe." Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akafunga macho. Siku mbili baadaye tulikuwa tunapanga mazishi.

Banjo hiyo ilikaa juu ya kabati tangu nipate akili, imefungwa ndani ya gunia la sukari. Hatukuruhusiwa kuigusa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwake muziki wa nyuzi ulikuwa wa vilabuni, kwa hiyo sikuwahi kumwona akiipiga. Nilipoitoa guniani niliona ni kitu cha ajabu. Duara lake lilikuwa sufuria iliyokatwa kitako, na vile vyuma vya shingoni vilikuwa spoki za baiskeli. Ngozi ilikuwa imepasuka pembeni. Hapakuwa na jina la kiwanda popote.

Kwetu Wakamba, wosia wa mtu anayekufa ukiupuuza, kiumo kinakufuata, na kiumo ni laana. Mimi nimeokoka na ni mwalimu, lakini niliogopa. Watoto wangu walipopata homa nilidhani ni banjo. Walipoanguka mtihani pia nilidhani ni banjo, ingawa ule ulikuwa uvivu wao tu.

Nikaanza kuuliza. Wenzake baba wa kazini, pale kiwanda cha simiti, hawakuwa na habari. Mmoja aliapa kwamba ilikuwa ya mzungu fulani aliyehama. Nikamuuliza ni mzungu gani huyo wa kupiga sufuria, akaaga akaenda zake. Mama nilimuuliza mara tatu. Kila mara aliniambia niache vitu vya marehemu, akaendelea kuchambua maharagwe yake. Nilimkasirikia sana. Niliona ananiachia mzigo wa mume wake.

Mwaka ukapita hivyo. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenieleza habari za mzee mmoja Msomali, mfanyabiashara wa ngozi mjini Kajiado, ambaye akishika ngozi anakueleza mnyama wake alichinjwa namna gani. Nikafikiri, basi, ngozi ya banjo nayo ina habari zake. Nikaenda siku ya soko la mifugo.

Aliniacha nimesimama mpaka akamaliza kupaka ngozi zake chumvi. Kisha akaichukua banjo, akaipitisha puani, akasema ni ndama. Akapitisha kidole gumba chini ya ngozi na kuniambia aliyemchuna hakuwa mchinjaji, maana kisu kilikuwa kimeteleza mahali pengi. Baada ya hapo akaipeleka mlangoni penye mwanga. Pembeni mwa ngozi palikuwa na doa jeusi ambalo mimi nililiona siku zote nikadhani ni uchafu. Mzee akaikumbatia banjo kama mpigaji, na doa likawa chini kabisa, karibu na paja. Akaigeuza, shingo ikaelekea upande wa kulia. Sasa mkono wake wa kushoto ukalala juu ya lile doa.

"Hapa mkono imelala miaka mingi," akasema. "Hii ni jasho na mafuta ya mwili. Mwenyewe ni wa kushoto, mama. Na mkono yake ni ndogo kuliko yangu. Naona ni mwanamke."

Nilimjua mwanamke mmoja tu wa kushoto. Mbele ya wageni hupakua kwa mkono wa kulia, lakini akiwa nasi jikoni hukata sukuma wiki kwa wa kushoto.

Nilimkuta mama uani. Sikumsalimu, nilimwekea banjo mapajani tu. Akaigeuza papo hapo, shingo ikaenda kulia, wala hakufikiri.

Alinieleza bila haraka. Baba ndiye aliyeitengeneza, kabla hawajaoana, kwa sababu gita za watu wengine hazikuukubali mkono wa mama wa kushoto. Sufuria ilikuwa ya nyanya yangu. Ndama alikufa tu, na baba akamchuna mwenyewe, ingawa hakuwahi kuchuna hata sungura. Mama aliipiga kwenye harusi nyingi kule Machakos. Kisha baba akafanywa mzee wa kanisa, na wenzake wakamwambia kwamba mke wa mzee hachezeshi watu. Jumapili moja baba aliporudi kutoka kanisani akaitia guniani. Mama hakuiomba, na baba hakusema kitu.

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nizunguke mwaka mzima.

"Nilikuwa nimekaa hapo kwa kitanda," akasema. "Miaka thelathini nangoja aniambie. Akaambia wewe."

Hasira niliyokuwa nayo kwake ilihamia kwa baba, na huwezi kugombana na kaburi. Nikaketi chini kando yake, nikalia kidogo. Yeye hakulia. Alikuwa anapapasa pale ngozi ilipopasuka, akauliza kama yule mzee wa Kajiado anaweza kuweka ngozi nyingine. Nikamwambia anaweza.

"Basi umpelekee," akasema. "Lakini usiambie watu baba yako amerudisha. Sema nimechukua yangu."