Ugali wa Fundi Mwashi

Baba yangu alikuwa anavuka mpaka kila siku ili aje kula maharagi. Si Jumapili tu, si siku za sikukuu: kila siku ya Mungu, tangu tulipomzika mama. Saa tano alifunga nyumba yake kule Bukavu, akateremka taratibu mpaka kituo cha mpakani cha Rusizi ya Kwanza, akaonyesha karatasi yake, akavuka daraja katikati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya vichwani, kisha akapanda pikipiki mpaka kwangu ng'ambo, Kamembe. Saa sita na nusu alikuwa mezani, mikono ya shati imekunjwa. Nchi mbili kwa sahani moja. Askari wa mpaka walimzoea. Siku moja mmoja wao alimwuliza, "Mzee, leo unaenda kufanya nini?" Baba akajibu kwa heshima zake zote, "Maharagi." Wakamruhusu apite, maana mtu mwenye ukweli kama huo hawezi kuzuiwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kwenye chumba cha mbele, na saa za mchana ndizo wateja wanakuja kupima. Mume wangu ni mtu wa Gashonga, anafundisha shule, anarudi jioni na anakula chochote kinachowekwa mbele yake, halafu anashukuru. Ukiishi miaka mingi na mwanaume wa namna hiyo, unasahau kwamba chakula kinaweza kulalamikiwa. Baba alikuja kunikumbusha.

"Mama yako hakukuwaka anapika lengalenga namna hii," alisema, akiugeuzageuza mchicha kwenye sahani.

"Alikuwa anaipika namna gani, Papa?"

"Sijui. Ila hapana hivi."

Na kweli hakujua. Alikaa na mama miaka zaidi ya arobaini, akamjengea jiko zuri lenye bomba la kutolea moshi, na hakuwahi kuvuka kizingiti chake. Alikulia kwenye milima ya Bushi, na kwa maelezo yake, kule mwanaume anayefunua sufuria hata kuku wanaacha kumwogopa. Kwa hiyo yeye alijenga, mama alipika, na kila mmoja alidhani kazi ya mwenzake ni rahisi.

Usidhani sikujaribu njia nyingine. Nilimwomba ahamie kwangu. Akajibu, "Nyumba nilijenga na mikono yangu, nitaiachia panya?" Nikamtafutia msichana wa kazi. Alikaa siku nne, akaondoka akilalamika kwamba mzee anamkagua kama ukuta. Kaka zangu wako Kinshasa, na lazima niseme kwamba salamu walituma, tena nyingi.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Jioni baba hakula. Alikunywa chai na mkate, wakati mwingine ndizi moja, akalala. Mkanda wa suruali aliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu la pili. Goti la kulia lilikuwa limeanza kukataa ule mteremko wa kwenda mpakani. Nikawaza: goti likigoma kabisa, au mpaka ukifungwa kama ule mwaka wa barakoa, baba yangu atakufa njaa katikati ya mji wenye masoko pande zote. Hilo lilinitia hofu kweli, usiku na mchana. Na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, niongeze kwamba nilitaka pia saa zangu za mchana zirudi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilichelewa kidogo. Mwaka wa pili nilimpa mwiko.

Alikubali kwa sharti moja: mlango wa jiko ufungwe. Nami sikubisha, maana nilikuwa na aibu yangu. Kwenye ua wetu, majirani wakimwona mzee wa watu amechutama anapuliza makaa huku binti yake amesimama na mikono kiunoni, kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika Gikundamvura. Tukatunga uongo. Baba alikuja na mfuko wake wa zamani wa kazi, ndani yake mwiko wa kupigia lipu, kamba, na nivo, ile rula yenye kitone cha maji ya kupimia kama ukuta umenyooka. Tukasema anarekebisha ukuta wa jiko. Wiki ya tatu jirani aliniuliza ule ukuta unaisha lini. Nikamwambia ni ukuta mgumu sana.

Somo la kwanza lilikuwa maharagi, chakula rahisi kuliko vyote. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Nikamwonyesha kuyachagua mawe, na hapo alinishinda mara moja, maana mtu aliyechekecha mchanga maisha yake yote huliona jiwe kabla halijajificha. Nikamweleza kuyaloweka usiku kucha ili yasimalize makaa. Akaelewa. Kisha tukafika kwenye chumvi.

"Natia chumvi ngapi?"

"Ya kutosha, Papa."

"Ya kutosha ni ngapi? Kijiko? Kiganja? Nipatie dozaji."

"Unaangalia tu."

"Naangalia nini? Chumvi ikiisha ingia ndani ya maji, haionekanake."

Miaka yote hii napika, na nilikuwa sijui natia chumvi kiasi gani. Ilibidi nipike mwenyewe huku nikiuchungulia mkono wangu kama mkono wa mwizi: umechota kiasi gani, umerudisha kiasi gani, kwa nini umerudia mara ya tatu. Baba aliandika kila kitu kwa penseli kwenye kipande cha ubao, kama alivyoandikaga vipimo vya milango. Maji: mpaka kifundo cha pili cha kidole. Kitunguu: kimoja, si kikubwa cha kujionyesha. Mawese: vijiko viwili, mpaka harufu mbichi iishe. Chumvi: kijiko kimoja kisichojaa, na baada ya maharagi kulainika, kamwe si kabla.

Hilo la mwisho alilisahau siku ya mtihani, nilipomwacha apike peke yake. Alitia chumvi mwanzoni kabisa, maharagi yakakaa motoni kwa muda wa saa nne, yakatoka magumu kama kokoto ya kumwagia zege. Aliyala yote. Alitafuna polepole akitazama dirishani, na nilipomwambia ayaache alisema nyumba ya kwanza aliyojenga nayo ilivuja, na mwenye nyumba alilalamika, lakini alilala ndani yake.

Samaki mkunje angali mbichi, tunaambiwa. Wangu alikuwa sambaza, dagaa wetu wa ziwani, aliyekauka juani miaka sabini na kitu. Nilikaribia kukata tamaa. Nilimfokea siku ya lengalenga, alipoiosha mara moja tu ikatusagia mchanga menoni, na yeye akanifokea kwamba mimi ni mwalimu asiyejua kufundisha, kwamba yeye alifundisha mafundi wa kutosha kujaza kanisa na hakumwambia hata mmoja "angalia tu". Tukala mchanga wetu mpaka ukaisha. Mlango ulikuwa umefungwa, moshi umejaa, na huko nje nadhani waliamini kabisa kwamba ukuta unapigwa lipu na shetani.

Kilichotuokoa ni ugali. Nilichemsha maji, nikaanza kutia unga wa muhogo huku nikimweleza, naye akanisogeza pembeni kwa kiwiko.

"Acha. Hii najua."

"Unajua wapi? Hujapika bugali hata siku moja."

"Hii ni mortie."

Akauchukua mwiko kama anayekoroga mchanga na saruji ya kujengea. Alichekecha unga kwanza, jambo ambalo mimi silifanyi. Aliutia kidogo kidogo, akausukuma ukingoni mwa sufuria, akaugeuza, akausukuma tena, bega likifanya kazi liliyoifanya miaka hamsini. Hakuuliza dozaji. Alisikiliza tu mwiko unavyokwaruza, na ulipokuwa mkavu aliongeza maji kwa ncha za vidole. Hapakuwa na donge hata moja. Aliumwaga kwenye sahani, akausawazisha juu kwa mwiko uliolowa, kisha akatoa ile nivo kwenye mfuko, akaipangusa kwa shati, akaiweka juu ya ugali. Kitone kikasimama katikati. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, alikuwa anakagua kazi.

Baada ya hapo mengine yalifuata. Alipojua kwamba jikoni nako kuna mchanga, maji na muda wa kungoja, aliacha kuogopa. Sambaza wakavu aliwakaanga bila kuwavunja. Nyanya alizipika mpaka zikayeyuka, tena kwa subira kuliko mimi. Ule ubao ulijaa pande zote mbili. Nami nilijisifu. Nilimwambia mume wangu kwamba mzee wa zaidi ya miaka sabini, Mshi wa milimani, nimemfanya mpishi. Mume wangu alishukuru, kama kawaida yake.

Kisha Jumanne moja saa sita na nusu ikafika, na baba hakufika. Nikapiga simu.

"Leo nimejipikia," alisema. "Hapana kunisumbukia. Fanya kazi yako."

Nikafurahi sana. Nilishona sketi mbili mchana ule. Jumatano nayo hakuja. Alhamisi alinipigia yeye, akanieleza kwamba kitunguu nakikataga kikubwa mno, na kwamba ukikikata chembamba unatumia nusu. Wiki ikapita, na ya pili. Saa zangu za mchana zilikuwa zimerudi zote, hazijapungua hata moja, na sikujua nizifanyie nini. Niliendelea kupika sufuria ya watu watatu. Nilijiambia ni mazoea ya mkono. Chakula kilibaki, nikakila kesho yake nimesimama. Nilipoanza kulalamika kwamba mzee amenitupa, mume wangu alisema kwa upole, "Si ndivyo ulivyotaka?" Mwanaume mwenye haki anaudhi kuliko mlevi.

Wiki ya tatu nilifunga cherehani, nikavuka mimi. Sikumwambia. Nitakiri nilichokuwa nakitafuta njia nzima: nilitaka nikute sufuria imeungua, vyombo havijaoshwa, na baba amekonda. Maneno nilishayapanga. Papa, umejaribu, kila mtu ameona umejaribu, sasa rudi mezani kwangu. Nitamlipia pikipiki kutoka mlangoni kwake mpaka kwangu, goti lisimsumbue. Nilikuwa nimeamua kuwa binti mwema sana.

Nilimkuta uani, mlango wa mbele wa ua umeachwa wazi, amekaa kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko lake la makaa, na watu wanapita barabarani wanamsalimia, naye anajibu bila kuinuka. Hakuwa amekonda. Vyombo vilikuwa vimepangwa kwa ukubwa. Sufuria ya mama, ile kubwa ya kulisha ukoo, haikuwepo. Nilipouliza, alisema amempa jirani mwenye watoto sita. Yeye amejinunulia nyingine, na alinionyesha kwa fahari. Ilikuwa ndogo kama ya kuchemshia chai. Ingetosha sahani moja, na sahani moja ndiyo iliyokuwa mezani: ugali uliokatwa pembe nne kama tofali, lengalenga na sambaza, bado vinatoa mvuke. Alikuwa ameshanawa. Mikono yake ilikuwa bado na maji.

"Kaa, Maman," akasema, akanisogezea sahani. "Kula."

"Na weye?"

"Mi nimeshakula."

Baba yangu alijenga nusu ya mtaa ule kwa ukweli wa kipimo, na uongo hakuwahi kuuweza. Kijiko kilikuwa safi. Sufuria ilikuwa tupu. Nikasimama nimpokonye mwiko, niwashe makaa, nipike kama ninavyojua kupika, kwa watu watatu, kwa watu kumi.

"Kaa chini," alisema, safari hii kwa sauti yake ya zamani ya kazini. "Hapa ni kwangu. Kula, kitapoa."

Nikakaa. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani niliyaacha, nikanawa, nikamega tonge. Lengalenga ilikuwa imeoshwa vizuri, mawese yametiwa kidogo, chumvi imekaa mahali pake. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka aone, na nadhani aliona. Alisuuza ile sufuria yake ndogo, akatia maji, akairudisha motoni, akachukua chekeche la unga, akaanza upya, polepole, chakula chake. Nikala sahani yote mpaka nikaipangusa kwa tonge la mwisho. Tangu mama afe, hakuna mtu aliyekuwa amenipikia.