Maji ya Nyumba Nzima

Maji ya kisima chetu yalikuwa na tabia ya kudanganya. Yakitoka bombani yalikuwa maangavu, ungeyakinga kwenye glasi na kuyaona hayana neno. Ukiyaacha kwenye ndoo mpaka jioni, yanageuka rangi ya udongo, juu yanaweka utando unaometameta kama mafuta ya gari, na chini yanaacha tope laini la kutu. Ni madini ya chuma. Siku hizi nalisema hilo kwa kujiamini. Wakati ule nilijua tu kwamba maji yetu yanatuaibisha.

Nyumba yenyewe mama aliijenga peke yake, huku pembeni mwa Tunduma, kwa biashara ya mchele na maharage. Wateja wake wengi wanatoka upande wa pili wa mpaka, wale wanaomwita "ba mayo", yaani mama, na kumwaga shukrani kwa Kibemba anapowaongezea kipimo. Alijenga msingi, akapumzika. Akapandisha kuta, akapumzika tena. Akapaua. Ndani akaweka vitu ambavyo kwa miaka alikuwa akiviona kwenye nyumba za wengine tu: sinki jikoni, bafu lenye bomba la mvua, choo cha kukalia.

Tulipohamia, jumuiya yetu ya kanisani, ambayo husali kila wiki nyumba kwa nyumba kwa zamu, ikaja kuibariki nyumba. Mama akawapikia chai ya rangi kwa maji ya bomba lake mwenyewe. Chai ikatoka nyeusi kama wino, ina ladha ya misumari.

"Mwenzetu," mwenyekiti wa jumuiya akasema, akichungulia kikombe chake, "hapa tunywe au tuandikie barua?"

Wote wakacheka. Mama naye akacheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini tangu siku ile zamu yetu ilipofika aliipisha. Mara ana safari ya Mlowo kufuata mzigo, mara kifua kinambana, mara rangi ya sebuleni haijakauka. Kwa wenzake alikwenda kila wiki, kabeba sukari na khanga safi begani. Kwake hawakuja tena. Viti vya sebuleni vikakaa na vitambaa vyake vilivyopigwa pasi, vinasubiri watu ambao hakuna aliyewaita.

Nikaamua watakuja. Sikumwambia mtu, kwa sababu mimi ni mtu wa hofu. Nafunga mlango, narudi kuusukuma, nafika barabarani narudi tena. Nikiandika ujumbe wa simu nausoma mpaka maneno yanapoteza maana. Kushindwa mbele za watu kunanitisha kuliko kuumwa. Tena ufundi wa bomba sikuusomea popote. Nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu wanaoongea Kiingereza haraka, nikiwarudisha nyuma neno moja moja hadi bando linakata.

Nilianza na jikoni. Nilinunua kichujio kidogo cha kufunga chini ya sinki, kile chenye kopo jeupe na uzi ndani. Nikakifunga, nikakaza, nikafungua bomba. Maji yakatoka kama kioo. Nikapika chai, na chai ikawa nyeusi vilevile.

Nililia, naomba nisifiche. Kisha, kwa kuwa siwezi kuacha kitu kikiwa kimeharibika, nikaanza kuyatazama yale maji badala ya kuyachukia. Kwa nini yanatoka maangavu halafu yanageuka? Nikachota ndoo, nikaiacha wazi hadi kutu ikatuama, nikachuja yale ya juu kwa kitambaa kizito, nikapika chai. Ikatoka nyekundu, ya kung'aa, nikaiona mpaka chini ya glasi. Chuma kilikuwa kimeyeyuka ndani ya maji kama chumvi, na kichujio changu kilikipisha tu. Kikikutana na hewa ndipo kinageuka kutu, na kutu ndiyo inayochujika. Kumbe chai ilikuwa inatuambia tangu mwanzo! Tangu hapo nikawa sina imani na macho yangu. Kipimo changu kikawa majani ya chai.

Nikampelekea mama ile glasi sebuleni, nimenyooka kama askari.

"Onja."

Akaonja. "Hii ni ya maji ya kununua."

"Ya kisimani kwako."

Akaonja tena, akafumba macho. "Mwanangu, Mungu akuzidishie." Basi nikajua kazi imeisha. Nikawa namwandalia ndoo za kutuamisha na kuchuja kila siku. Zamu yetu ikakaribia. Mama akamtumia mwenyekiti ujumbe kwamba mgongo unamsumbua, wampe mtu mwingine.

Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa. Nikamfuata jikoni alikokuwa anachambua maharage.

"Mama, chai si imeshapona?"

"Imepona."

"Sasa?"

Akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akakitupa dirishani. "Chai ningeweza kuomba maji kwa jirani tangu zamani. Wewe unadhani nilikuwa nakimbia chai?"

"Unakimbia nini?"

"Siku ile mmoja wao alikwenda chooni. Nilikuwa koridoni nimebeba vikombe. Akatoka, akamnong'oneza mwenzake, 'Nyumba nzuri, lakini mwenye nyumba hasafishi choo.'" Akaacha kuchambua. "Mimi. Nisiyesafisha choo. Naamka nakisugua, naenda dukani, nikirudi kimeshavaa kahawia. Sasa niambie, ndoo yako ya kitambaa itanifichia choo wapi?"

Nilikwenda kukitazama kile choo kama mgeni. Bakuli lilikuwa na michirizi ya kahawia kila maji yalipopita. Sinki la bafuni nalo lilikuwa na mstari wake, na sakafu chini ya bomba la mvua, na shuka letu jeupe kwenye kamba nje lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimetibu kikombe. Nyumba yenyewe ilikuwa bado inaumwa. Maji yalitakiwa kupona kabla hayajaingia ndani.

Nikachora, nikafuta, nikachora. Nikanunua vifaa mjini kidogo kidogo.

"Dada," muuza duka akaniuliza, akiniwekea koki na viungio kaunta, "fundi wako ni mumeo?"

"Fundi ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Basi beba gundi mbili."

Nilibeba mbili, na nilizitumia zote, namshukuru. Mnara wa tofali ulijengwa na mwashi, wenye ngazi tatu. Juu nikaweka tenki la kwanza, na bomba la kuingizia nikalitoboa matundu madogo mengi, ili maji yaanguke kama mvua na kukutana na hewa njiani. Hapo kutu inazaliwa na kutuama. Ngazi ya kati nikaweka pipa lenye kokoto chini na mchanga juu, kutu iliyobaki inase. Ngazi ya chini tenki la pili, na kutoka hapo bomba moja tu linaingia nyumbani na kugawa kila mahali.

Mchanga niliuosha hadi mama akatoka nje kunishangaa.

"Huo unauosha au unaubatiza?"

"Bado maji yake yana ukungu."

"Na wewe una ukungu kichwani. Weka mchanga."

Nikaweka. Kisha nikapika chai kwa maji ya kila bomba: la jikoni, la bafuni, la nje, hata lile linalojaza tenki dogo la choo.

"Nani atakunywa chai ya chooni?" mama akauliza.

"Hakuna. Nataka tu kujua."

Zote zilitoka nyekundu. Glasi zikakaa mstarini dirishani, jua likipita ndani yake, na sijawahi kuona kitu kizuri vile. Madoa ya zamani kwenye bakuli la choo nikayaloweka kwa siki na ndimu, nikasugua, nikaloweka tena. Yakaondoka. Nikangoja yarudi. Nilikwenda kuchungulia asubuhi, mchana, jioni, mama akawa ananiuliza kama tumbo linaniuma. Hayakurudi. Sabuni ikaanza kutoa povu la haraka. Mashati yakakauka yakiwa meupe. Lile bomba la mvua ambalo matundu yake yalikuwa yamezibwa na kutu, nililisafisha na likabaki wazi. Hata harufu ya chuma kwenye nywele, ambayo nilikuwa nimeizoea na kudhani ni yangu, ikatoweka.

Lakini kila mama alipouliza, "Niwaite?" nilijibu, "Bado." Niliogopa kiungio kimoja kitavuja. Niliogopa mchanga utaziba. Wiki moja akarudi kutoka kwenye sala, akavua viatu, akasema kwa utulivu, "Jumamosi ni kwangu. Nimeshatangaza."

Nikaenda kukaza viungio vyote upya.

Jumamosi asubuhi bomba la jikoni likatoa uzi mwembamba wa maji, kisha matone. Mama alikuwa ameshabandika sufuria la chai. Alinitazama tu, na kwenye ule uso niliona safari zote za Mlowo ambazo hakusafiri.

Nikakimbia kwenye mnara. Kwa mara ya kwanza hofu yangu ilinisaidia, maana nilikuwa nimeshaiogopa hali hii mara nyingi kiasi kwamba nilijua kila hatua yake. Mchanga ulikuwa umejaa kutu. Ulikuwa umefanya kazi yake mpaka umeshiba. Nikafunga koki ya kwenda tenki la chini, nikafungua ile niliyoiweka kwa ajili ya siku kama hiyo, nikawasha pampu ya kisima ili maji yapande kutoka chini ya pipa. Mchanga ukaanza kuchemka kama uji. Juu likamwagika tope jekundu, likanilowesha gauni la kanisani hadi kiunoni. Likaendelea jekundu. Likawa la chungwa. Likawa maji. Nikazima, nikarudisha koki mahali pake, nikasubiri tenki lipate maji.

"Yanakuja!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Yanakuja, yanakuja!"

Wanajumuiya walianza kuingia getini nami nikiwa bado natiririka kutu. Mwenyekiti akanitazama. "Mtoto, umechinja?"

"Nimeosha mchanga, mama mwenyekiti."

"Haya, Mungu apokee," akasema, akapita ndani.

Sikuingia. Nilikaa chini ya mnara, kiganja juu ya bomba linaloingia nyumbani, kwa sababu nisingeweza kukaa pengine popote. Nilisikia nyimbo, sala, kisha vikombe. Nilisikia kimya cha watu wanaonywa. Halafu sauti ya mwenyekiti, "Mama, niongezee." Nikapumua.

Kisha nikamsikia mama, sauti yake ya sokoni, ile anayouzia mchele: "Jamani, kabla hamjaondoka, twendeni mkaone choo."

Kicheko. Viti vikaburuzwa. Miguu ikapita koridoni. Bomba likatetemeka chini ya kiganja changu, na ndani maji yakashuka kwa kishindo. Kigelegele kimoja. Bomba likatetemeka tena: mtu mwingine alitaka kujaribu mwenyewe. Kigelegele kingine. Halafu bomba la bafuni likafunguliwa, na la sinki, na la nje, na mtu akawa anasema, "Hebu tazama, tazama weupe huu, unaweza kulia chakula humu," na mama akawa anawaeleza mambo ya chuma na hewa, nusu kayachanganya, kwa furaha ya mtu aliyeyavumbua yeye.

Bomba liliendelea kutetemeka bila kupumzika. Nikagonga tenki la chini kwa ngumi, likalia tupu karibu hadi chini. Walikuwa wanatumalizia maji. Nikasimama, gauni linanata miguuni, nikawasha pampu.