Omnipotens Kwenye Sweta la Dada Mkuu

Usiku ule nililala na hasira ya kimyakimya, ile tunayoijua mimi na daftari hili tu. Grasiana, dada mkuu wetu hapa shuleni, alinipa sweta lake nimtarizie neno OMNIPOTENS kifuani, alivae Jumatatu mstarini. Alilisikia kwa padri, akaambiwa ni mwenye nguvu zote, akaona limemtosha. Nisipomaliza, nafyeka nyasi wiki nzima wenzangu wakijisomea mtihani. Mimi hata kuomba chumvi mezani naona aibu, sembuse kumkatalia Grasiana. Nilishatarizi herufi nne.

Nikamwona Bibi. Alifariki mwaka juzi, na ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Maisha yake yote alifua na kutarizi vitambaa vya altare. Yupo sakristia, chumba padri anamovalia kanzu, anapiga pasi ya mkaa, amejifunga kanga yake ileile. Sikushangaa. Sweta la Grasiana liko mikononi mwangu.

"Mke mwenzangu, siku hizi unatumikia wafalme?"

"Ni la dada mkuu, Bibi."

Anacheka kwa pua. "Omnis ni yote. Potens ni anayeweza. Padri mzee alinieleza nikimpigia pasi kanzu, Kilatini hakina maajabu. Haya, huyo anaweza yote? Nguo zake anafua nani?"

"Wa kidato cha kwanza."

"Na maji anachotewa?"

"Anachotewa."

"Basi kuweza kwenyewe bado, na anataka yote."

Sakristia imekuwa bwalo. Grasiana amekaa meza ya mbele, sweta limemfika magotini, mikono ya sweta imevipita vidole vyake, naye anasubiri mtu aje amkunjie. Wasichana wote wamesimama, hakuna anayethubutu kula. Bibi anapita mbele yake kama anavyowapita kuku uani, wala hamtazami.

"Hao Warumi waliolitunga hawakuweza hata kuizuia lugha yao isife," ananiambia. "Na padri alikuwa akilisema ameinama, tena hakuwa akijisema yeye. Sala ya Mungu unamtarizia mtu kifuani? Fumua."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilifumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Ile N ilinisumbua kweli. Sikuwa nimemaliza kuokota nyuzi kitandani Grasiana akaja, taulo begani.

"Umemaliza?"

"Nimefumua, dada."

"Hivi unanijua mimi ni nani?" Akaligeukia bweni zima, wasikie wote. "Utafyeka wiki nzima, mpaka kule nyuma ya jiko."

Nikamkabidhi sweta lake, nimelikunja vizuri kama Bibi alivyokuwa akikunja vitambaa vyake.

"Kufyekesha unaweza, dada," nikamwambia. "Mengine sijui."