Rejeta ya Oili Chini ya Gari la Manase

Mume wangu Manase ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Vudee, milimani juu ya mji wa Same, na kwa ubishi, acha tu! Miaka mitatu aliunga gari lake uani: injini ya pikapu iliyopinduka, fremu ya mabomba, viti vya basi bovu. Likawa linapanda kutoka Same vizuri, ila oili inachemka. Akanunua rejeta ndogo ya kupoza oili. Sasa aifunge wapi? Akiiweka mbele inaziba upepo wa rejeta ya maji, maji nayo yatachemka. Akaining'iniza chini ya injini.

"Baba Careen, hapo itagonga."

"Wewe ufundi umesomea wapi?"

Haya, nikanyamaza.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Sisi wenye mashamba ya chini hukata mtaro kuvuka barabara, na desturi ni kuufukia ukimaliza. Mimi nilichoka. Nikalaza vigogo viwili vya migomba juu yake, nikasema nitafukia kesho.

Kesho yake asubuhi binti yetu Careen akashikwa na uchungu. Zahanati wakasema mtoto amekaa vibaya, mkimbizeni hospitali ya Same. Manase akawasha gari lake, nikakaa naye nyuma, nimemkumbatia. Tulipokata kona ya pili ndipo nikakumbuka.

"Simama!"

Nilikuwa nimechelewa. Vigogo vilititia, gari likadunda, chuma kikalia chini. Mshale wa geji ya oili ukaanguka, Manase akazima injini papo hapo.

Oili ilitiririka kwenye vumbi. Careen alilia, "Mama, nakufa." Yesu wangu! Mwanangu angefia pale kwa uvivu wangu, na gari jingine halikuwepo hadi jioni.

"Mpumbavu gani kaacha mtaro huu?" Manase alifoka, ameshaingia uvunguni.

Ningeweza kunyamaza tena.

"Ni mimi, Baba Careen."

Nilisikia koleo tu. Kisha mkono uliojaa oili ukatoka chini ya gari.

"Nipe kile kipande cha bomba kwenye boksi. Haraka."

Aliing'oa rejeta, akaiunga mipira yake miwili kwa lile bomba, akakaza kwa waya, akamimina galoni ya oili ya akiba. "Kushuka tutafika bila kupoza," alisema. Akawasha. Nilifumba macho, sikuthubutu kuutazama ule mshale.

"Mama Careen, mshale umepanda."

Mjukuu wetu alitolewa kwa upasuaji, mzima, na mama yake mzima. Siku hizi rejeta iko juu, pembeni mwa taa, na ina feni yake. Mtaro naufukia hata mvua ikinyesha. Watu wa zamu ya maji walimuuliza Manase nani aliuacha wazi siku ile.

"Rejeta niliifunga vibaya," aliwajibu, akaendelea kuchomelea.