Uso wa Mama Ndesanjo

Wifi yangu Agnela hajawahi kuwa mtu wa kuogopa. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akamsomesha binti yake Anneth kwa duka la mapazia hapa Sombetini, na ukimpandishia sauti anakushusha mbele za watu huku mkono wake unaendelea kupima kitambaa. Mimi ndiye fundi wake, nashonea nyuma ya duka, na kwa kuwa nimeolewa na kaka yake Ndesanjo, ananitania atakavyo. Husema sisi Waarusha tulifundishwa na wao Wachaga kula ndizi. Mimi humjibu kwamba ndizi tulikuwa nazo siku zote, tulichokosa ni watu wa kutuuzia za kwetu wenyewe. Basi siku aliponiambia anaogopa kioo nilicheka, nikidhani ni utani mwingine.

Asubuhi ile alikuwa ametoka kuoga, akapita mbele ya kabati la nguo lenye kioo, na kabla hajafikiri mdomo wake ukasema, "Shikamoo mama." Mama yake, yaani mama mkwe wangu, tulikwisha kumzika Machame miaka mingi nyuma. Agnela akaketi kitandani. Aliyekuwa amemwamkia ni yeye mwenyewe.

Hata mimi nilikuwa nimeuona ule uso. Agnela alikuwa amevuka hamsini. Mashavu yalikuwa yameteremka, mikunjo miwili imeshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, na ngozi ya chini ya kidevu imelegea. Sura hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mama mkwe alipokuwa amenuna, na alikufa akiwa amenuna. Ilikuwa inampanda binti yake polepole, ikianzia kidevuni.

Nieleze hilo la kununa. Baba mkwe wangu, mzee Frederick, alimkatia mdogo wake kipande cha kihamba, shamba la ukoo kule Machame, bila kumwambia mkewe. Na kipande chenyewe ndicho mama alichokuwa akikilima tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Mama hakupiga kelele. Aliendelea kumpikia na kumfulia, ila neno hakumpa tena, na mzee kwa kiburi chake hakuomba radhi. Akasema mwanamke atachoka kunyamaza. Moyo wa mama ulisimama siku moja akiosha vyombo, na mzee akamzika mke ambaye walikuwa hawasemeshani. Nasema wazi, nilimchukia mzee yule miaka yote, hata nilipokuwa nikimwamkia.

Kisha uzee ukamfikia, kumbukumbu zikaanza kumtoka, na Agnela akamchukua akae naye ili awe karibu na hospitali. Ndipo mzee alipoanza kumwita Mama Ndesanjo, jina alilokuwa akimwita mkewe. Mwanzoni ilikuwa mara mojamoja, baadaye ikawa kila siku. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa hali chakula mpaka Mama Ndesanjo aketi naye mezani. Jioni Agnela akirudi kutoka dukani, mzee huinuka kitini, huvua kofia, kisha husema, "Mama Ndesanjo, kuna jambo." Halafu hukwama hapo, midomo inacheza bila sauti, na macho yamemganda Agnela usoni. Agnela husingizia sufuria iko motoni na kukimbilia jikoni.

"Ananitazama mimi," aliniambia, "lakini anayejibu kwa macho si mimi, wifi. Kuna mtu amesimama ndani ya hii ngozi anamsikiliza."

Mimi ni mtu wa kanisani na mambo ya namna hiyo huwa nayapinga. Lakini nilikuwa nikienda nyumbani kwake sikai tena kwenye kiti kinachoupa mgongo mlango wa ukumbi.

Anneth akapata mchumba, harusi ikapangwa Desemba. Agnela akaapa hatapiga picha za harusi ya mwanawe akiwa na uso wa marehemu. Alikuwa amesikia kuhusu mashine inayokaza ngozi bila kisu, akaniomba nimsindikize kwa daktari mmoja wa ngozi upande wa Njiro. Daktari alikuwa mama mpole. Kuhusu mashine yenyewe hakusema mengi, alisema tu kwamba inaipasha ngozi joto kwa ndani, kisha mwili wenyewe ndio unaofanya kazi ya kuikaza. Alichokisema sana ni wakati. Hamgusi mtu karibu na sherehe, kwa kuwa uso unaweza kuvimba na kuwa mwekundu siku kadhaa. Matokeo huja taratibu, miezi miwili au mitatu. Anayepungua uzito angoje kwanza mwili utulie. Na ngozi iliyoanza kulegea inasaidika, ila ikiachwa mpaka ikaning'inia, mashine haina la maana la kuifanyia. Kwa Agnela wakati mzuri ulikuwa Septemba, miezi mitatu kabla ya harusi.

Nilimuuliza daktari itakuwaje ikiwa nyumbani kuna mgonjwa. Akajibu kwamba haina shida, mradi mhudumu mwenyewe apate kupumzika. Hakuwa ameelewa swali langu, nami nikaona haya kumweleza kwamba mgonjwa huyo huuona uso ule kuwa wa mkewe.

Mume wangu ndiye aliyepinga. Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwetu Kisongo, tumemaliza kula, na mzee amesinzia varandani. Ndesanjo akaanza kuzunguka kwa maneno, oh, mzee ametulia siku hizi, oh, anakula vizuri, oh, hii mashine haikimbii, kwa nini dada asiache kwanza mpaka mambo fulani yapite.

"Mpaka baba afe," Agnela akamalizia. "Sema tu. Nyinyi jioni mnarudi kwenu. Mimi ndiye ninayelala na mama usoni."

Mimi nilichukua upande wake, na nilisema kwa sauti kwamba mzee alikuwa na muda wa kutosha wa kusema na yule mwanamke alipokuwa na masikio. Siku nyingine bado naona nilikuwa sahihi.

Septemba akaenda. Alirudi akiwa amejifunika mtandio, uso umeiva kidogo, siku chache ukatulia. Oktoba hatukuona kitu, nikamtania kwamba mashine imemwogopa. Novemba uso ukaanza kujikusanya. Kidevu kilirudi, ile mikunjo ya mdomoni ikapungua, na wateja wakawa wanauliza ni mafuta gani. Alianza kuimba dukani, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu mume wake alipofariki. Nyumbani alikuwa anapita mbele ya kabati bila kugeuza shingo kukwepa kioo.

Mzee naye alikuwa anabadilika. Mwanzo alimwita Mama Ndesanjo kama mtu anayeuliza. Kisha akawa anachungulia nyuma yake, kana kwamba kuna mwingine anayefuata. Mwishoni akawa anamwita binti, anampokea kwa adabu ya mgeni, na kofia haivui tena. Chakula alikuwa anakula kidogo na kukisukuma.

"Ameondoka, wifi," Agnela aliniambia siku moja, akimaanisha mama. Alikuwa na furaha. Mimi niliinamia cherehani.

Jumamosi moja, harusi ikiwa imekaribia, tulikuwa uani kwa Agnela tunamenya ndizi, kwani kamati ya harusi ingekutana pale mchana. Mzee akatokea upande wa uzio. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, vifungo vimepishana, na nywele amezilowesha maji akazichana. Mikononi alikuwa ameshika isale.

Mgeni wa mambo ya Wachaga angeona jani tu. Ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani, na Agnela alikuwa amelipanda kwenye uzio wake kama Mchaga yeyote. Lakini mtu aliyekukosea akikuletea isale, amekiri, na wewe huna njia ya kumkatalia. Unalipokea kwa mikono miwili, na neno hilo limekwisha, hata liwe zito namna gani. Tangu niolewe katika ukoo ule sikuwahi kumwona mzee Frederick akilibeba kwa mtu. Mume wangu alikuwa akisema baba yake angekubali kuoza kuliko kulibeba.

"Habari za hapa," mzee alisema. "Namtafuta Mama Ndesanjo."

Agnela alinitazama. Niliona usoni mwake kwamba ameelewa lile jambo la kila jioni lilikuwa nini, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilikimbia kwenda jikoni.

"Ni mimi," akasema.

Mzee akatikisa kichwa.

Agnela akajifuta utomvu wa ndizi, akajifunga kanga kichwani kwa mtindo wa mama yake. Akamsogelea mzee. Kisha akayashika mashavu yake mwenyewe kwa vidole vya mikono yote miwili, akayavuta chini kwa nguvu, mpaka wekundu wa chini ya macho ukaonekana na ile mikunjo ya mdomo ikarudi. Mungu anisamehe, nilimwona mama mkwe wangu amesimama uani mchana kweupe, na ndizi zikaniangukia mapajani.

"Nitazame, Baba Ndesanjo," alisema. "Ni mimi. Nipe."

Mzee akavua kofia. Machozi yakamtoka hapo hapo. Akanyoosha lile jani, na Agnela akanyoosha yake kulipokea. Lakini ili apokee ilibidi ayaachie mashavu, na alipoyaachia yalirudi mahali pake, yamekaza, laini, yanang'aa kwa jua.

Mzee aliutazama uso ule muda mrefu. Kisha akalirudisha jani kifuani.

"Hapana, binti," alisema kwa upole. "Hili si lako."

Agnela alibaki amenyoosha mikono. Mimi niliyemchukia mzee yule miaka yote, nilichokitaka wakati ule ni mama mkwe arudi na mnuno wake wote, akae japo dakika moja. Mzee alikwenda akakaa kwenye kiti karibu na njia, ameweka isale magotini. Akatuambia mkewe amechelewa kidogo tu, huenda yuko sokoni, na akatuomba tusifunge geti.