Chumvi ya Mama Danieli

Nimechoka leo, mwanangu, na miguu inaniuma, lakini kaa. Siku niliyomwona mama yangu akitia chumvi kwenye mboga naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nakuhadithia kwa sababu tangu mjukuu wangu, mwanao Baraka, aende kwenye yale mafunzo magumu ya wanamaji, nakuona unavyosogeza sahani pembeni. Unadhani sioni. Nina mtoto wa jicho, lakini sahani iliyojaa naiona.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, ingawa watu walishaanza kusema ataondoka. Sisi tulikaa Makote, Newala. Kaka yangu Danieli alichukuliwa kwenda Mombasa kuwa mwanamaji, na huko wakamteua kwenye kikosi kidogo cha wale wanaoshushwa baharini, wapige mbizi na kuogelea kimyakimya na mizigo mgongoni mpaka ufukweni, wawatangulie wenzao. Hebu fikiria, mtoto wa Newala! Sisi maji tulikuwa tunayafuata bondeni, tunapanda mlima na mtungi kichwani jua limeshakuwa kali. Danieli alijifunza kuogelea akiwa na ndevu tayari.

Baba alifurahi mno. Alikuwa mwalimu wa dini, na kila Jumapili baada ya ibada alisimama nje ya kanisa akisubiri kuulizwa habari za mwanawe. Mama yeye aliacha kutia chumvi.

Wewe umekuja kwetu kwa ndoa, na kwenu Lukuledi sijui mlifanyaje. Kwetu mtoto akiwa jandoni, mama yake hali chumvi, hanyoi nywele, na nyumbani hapana kugombana mpaka watoto watoke. Tuliambiwa mama akivunja mwiko, kidonda cha mtoto hakiponi. Hata sisi Wakristo tuliushika, Baba akijifanya haoni. Sasa Mama akaona mafunzo ya Danieli ni jando jingine. Tukala kisamvu bila chumvi, mbaazi bila chumvi, miezi inapita. Niliteseka! Nilikuwa naenda kwa shangazi kujidai namsaidia kutwanga, kumbe nafuata mboga yake. Mama akakonda, nywele zikawa kichaka, na akiulizwa anasema, "Mwanangu yuko kwenye maji."

Ndipo Danieli akaja likizo. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Akamwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," kisha akazitazama nywele zake, akaitazama shingo yake. Tulipokula, alionja mboga akaelewa. Naye alishapita jandoni.

Siku zile ukisema naye alikuwa anageuza kichwa, anakuelekezea upande mmoja. Nilipoanika mkeka wake nikakuta pa kulaza kichwa pamelowa usaha. Akaniambia ni jasho, nisimwambie mtu. Baba akamuuliza mbele ya wageni kama mafunzo yamebaki mengi, naye akajibu, "Machache, Baba. Yale ya kupiga mbizi tu."

Zilipokaribia siku zake za kurudi, alikuja Mzee Chilumba, kungwi aliyemlea Danieli jandoni. Marehemu yule hakupenda maneno, hata salamu aliifupisha. Tukamkaribisha chakula. Akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna, akamgeukia Mama.

"Mama Danieli, mboga hii ya nani?"

"Ya mtoto, Mzee. Yuko kwenye maji."

"Na huko kungwi wake nani?"

Mama akamsogezea maji ya kunawa.

"Alipokuwa kwangu," Mzee akasema, "nilikuja hapa kila jioni. Kidonda kikivimba nakwambia. Akilia nakwambia. Aliposhikwa na homa nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, na wewe hukuniuliza jando limeisha au halijaisha. Wewe ulikuwa huli chumvi, na mimi namwangalia. Huko aliko nani anamwangalia? Anakuona umekwisha mwili kwa ajili yake. Mtoto wa namna hiyo atakwambia anaumwa?"

Baba akaanza, "Lakini Mzee, kijana amevumilia sana..."

"Baba Danieli, wewe ndiyo usiseme kabisa. Sare ya mtoto umeshalivalisha kanisa zima."

Mama akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kifuu cha chumvi. Akatia kwenye mboga, akachanganya, akala tonge kubwa mbele ya mwanawe. Alikuwa anatafuna huku machozi yanamtoka. Kisha akasema, "Danieli baba, mimi nimeshakula. Haya, sema."

Danieli akafunika sikio kwa kiganja, akalia. Mwanamume mzima, mikono kama michi. Akasema sikio limepasuka huko kwenye kupiga mbizi, na akiwa chini ya maji kichwa kinazunguka, hajui juu wala chini. Hakumwambia daktari wa huko, maana wangemtoa. Na akitolewa, atarudije kwenye nyumba ambayo mama yake amekaa bila chumvi na baba yake ameshatangaza?

Alikuwa anakwenda kufa, mwanangu, na sisi tulikuwa tayari kumsindikiza kwa vigelegele.

Asubuhi Baba mwenyewe alimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, akapita mbele ya kanisa bila kusimama. Usaha ulipokauka Danieli alirudi Mombasa kwa hiari yake, akawaeleza wakubwa wake ukweli. Hawakumrudisha kwenye mbizi. Alipika melini mpaka alipochoka, akarudi kupanda mikorosho. Sikio lile halikusikia tena, na ukitaka kumsemesha ilibidi ukae kulia kwake.

Sikukatazi kumwombea Baraka, wala sisemi usiumie. Utaumia, ni mwanao. Lakini maumivu yako yasimzibe mdomo. Akipiga simu usimuulize amebakiza nini. Muulize masikio, muulize kifua, muulize analalaje. Mwambie akimaliza tutashukuru, na akirudi kabla ya kumaliza tutashukuru vilevile, na umwambie mapema, kabla hajahitaji kulisikia neno hilo. Mwambie na mume wako aache kuzunguka kwa majirani na ile picha ya sare. Najua ni mazito haya. Kuacha chumvi kulikuwa rahisi zaidi.

Mungu amshike Baraka kwenye maji, ampe mkubwa mwenye macho ya Mzee Chilumba, na wewe akupe masikio ya kumsikia. Amina. Sasa vuta sahani. Akipiga leo, mwambie umekula nini, na uwe umekula kweli.