Sindano Kwenye Ukosi Wangu

Karakana yetu ya Ngarenaro inatengeneza chambo cha manyoya: unazungusha uzi kwenye ndoano, unafunga manyoya mpaka samaki adhani ni mdudu. Kwa kazi hiyo, Arusha nzima sijamwona wa kunizidi, na sioni haya kusema. Wote pale nimewafundisha mimi, hata kusafisha bobini, kile kishikio chenye mrija wa chuma unaopitisha uzi.

Juzi nyuzi zikaanza kukatika ovyo. Bosi akalaumu uzi.

"Uzi mzima, bosi," nikamwambia. "Umeuziwa bobini feki."

Akamwita muuzaji, mzee mmoja wa Themi. Nikamsubiri mlangoni aje aumbuke.

"Shikamoo, mzee. Leo utazichukua bobini zako zote."

"Marahaba." Akavaa miwani, akapapasa midomo ya mirija, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa na mikwaruzo, isipokuwa wa Mama Neema, mmoja wa mafundi wetu. Na kweli, uzi wake haujawahi kukatika.

"Mama, nta ya uzi ikiganda humu ndani unaitoaje?"

"Naisukuma na kipande cha mshipi wa kuvulia, mzee. Wenzangu wanachokonoa na sindano. Mimi nilikatazwa mshipi, nikawa nautumia kwa kujificha."

"Nani alikukataza?"

Mama Neema ananiheshimu sana. Akainamisha kichwa tu. Lakini bosi alikuwa ameshageuka, anautazama ukosi wa koti langu, pale ninapoichomeka ile sindano kila asubuhi kama nishani.